Shule ya Kijiji na Wazazi: Fundisho Kutoka Uganda

Tarehe 10 Januari mwaka 2022 shule zote za Uganda zilifunguliwa tena. Zilikuwa zimefungwa tangu mwezi Machi mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona. Madarasa ya mitihani yaliruhusiwa kurudi mwezi Oktoba mwaka huo, na baadhi ya madarasa mengine yakafuata kwa zamu, lakini mwezi Juni mwaka 2021 milango ilifungwa tena. Kwa watoto wengi wa madarasa ya chini, muda wote huo ulikaribia miaka 2 kamili. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko huo kwa sababu ya maradhi hayo.

Katika muda huo mafunzo ya mtoto yaliachwa mikononi mwa jamaa yake. Serikali ya Uganda ilitangaza masomo kwa redio na kuyachapa katika magazeti na vijitabu. Lakini katika vijiji vingi redio haikuwako, au ilikuwako bila betri, na vijitabu havikufika kila nyumba. Mzazi aliyekuwa amezoea kuulizana na mwalimu alijua pa kuanzia. Mzazi ambaye hakupata kufika shuleni ila siku ya kumwandikisha mtoto, hakujua hata mwanawe alikuwa amefikia wapi katika kusoma. Watoto wengi walipelekwa shambani na sokoni. Shule zilipofunguliwa, baadhi yao hawakurudi kabisa, na miongoni mwao walikuwamo wasichana waliokwisha kupata mimba.

Msiba huo uliifunua hali iliyokuwako zamani. Shule ya msingi ya kijijini haiwezi kufundisha peke yake, wala jamaa haiwezi kufundisha peke yake. Uganda imeupitia mzozo wa jambo hili kwa zaidi ya miaka 40, na imejifunza kwa gharama. Yafaa nchi jirani zilitazame fundisho hilo kwa makini, na hasa wale ambao kazi yao huwaweka mbali na watoto wao kwa miezi mingi, yaani askari wa jeshi na wa polisi.

Askari wa Tanzania walioingia Kampala tarehe 11 Aprili mwaka 1979 waliikuta nchi iliyochakaa. Tangu Idi Amin alipotwaa madaraka mwezi Januari mwaka 1971, uchumi ulikuwa umeporomoka, na mshahara wa mwalimu ulikuwa haumtoshi kuishi. Shule hazikufa zote, kwa sababu wazazi walizibeba. Kwa njia ya vyama vya wazazi na walimu, wananchi walijenga madarasa, wakanunua chaki, na wakachanga fedha za kumwongezea mwalimu mshahara. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya gharama za shule za msingi ilikuwa ikilipwa na wazazi wenyewe.

Huo ulikuwa ushirikiano, na wananchi wa Uganda wanastahili sifa kwa ajili yake. Hata hivyo ulikuwa na kasoro kubwa. Mzazi alihesabiwa kuwa mshiriki kwa kadiri ya mfuko wake. Asiyekuwa na fedha hakuwa na sauti, na mtoto wake alirudishwa nyumbani. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa William Senteza Kajubi, ambayo iliundwa mwaka 1987 na kutoa taarifa yake mwaka 1989, ilipendekeza elimu ya msingi ienezwe kwa watoto wote.

Mwezi Januari mwaka 1997 Serikali ya Uganda iliondoa ada ya shule za msingi, kwanza kwa watoto 4 wa kila jamaa, na baadaye kwa watoto wote. Mpango huo ulijulikana kwa jina la Kiganda la Bonna Basome, yaani wote wasome. Idadi ya wanafunzi, iliyokuwa kama milioni 3 mwaka 1996, ilipita milioni 5 mwaka 1997. Katika shule nyingi darasa moja la watoto wadogo lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100, na wengine walisomea chini ya miti.

Kuondolewa kwa ada kulikuwa ushindi wa haki. Watoto wa maskini, na hasa wasichana, waliingia darasani kwa wingi ambao haujapata kuonekana katika nchi hiyo. Lakini pamoja na ushindi huo ilizuka fikira moja ya hatari. Wazazi wengi walielewa kwamba kuanzia siku ile mtoto ni wa Serikali tangu asubuhi hadi jioni. Daftari, kalamu, chakula cha mchana, hata ukarabati wa choo, yote yalihesabiwa kuwa kazi ya Serikali. Mzazi aliyekuwa akifika shuleni kwa sababu ya mchango, sasa hakuona tena sababu ya kufika. Ule uzi mmoja uliomfunga na shule ulikatwa, na hakuna uliyefungwa mahali pake.

Upande wa pili wa mambo ulikuwa wa fedha. Hata kabla ya mwaka 1997 Serikali ya Uganda ilikuwa ikitoa ruzuku kwa kila mwanafunzi, ili shule inunue vitabu na vifaa. Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi katika shule 250 za serikali ili kujua ni kiasi gani cha ruzuku hiyo kiliwafikia walimu wakuu kati ya mwaka 1991 na mwaka 1995. Jibu lilikuwa la kusikitisha. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotolewa na hazina, ni shilingi 13 tu zilizofika shuleni. Nyingine zote zilipotelea njiani, zaidi katika ofisi za wilaya. Shule nyingi hazikupata hata senti moja.

Wazazi hawakulalamika, kwa sababu hawakujua kwamba kulikuwa na fedha. Na mwalimu mkuu aliyejua hakujua ni kiasi gani. Mtu hawezi kudai asichokijua.

Hatua iliyochukuliwa ilikuwa nyepesi. Serikali ilianza kuchapa katika magazeti kiasi cha fedha kilichopelekwa katika kila wilaya, mwezi kwa mwezi. Baadaye shule zenyewe zikaamriwa zibandike katika ubao wa matangazo kiasi zilichopokea, mahali ambapo kila mzazi anaweza kukiona. Uchunguzi uliorudiwa ulionyesha kwamba kufikia mwaka 2001 zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilifika shuleni. Shule zilizokuwa karibu na mahali yanapouzwa magazeti ziliongezewa zaidi kuliko zile za mbali. Ni kweli kwamba gazeti halikufanya kazi hiyo peke yake, kwani hazina nayo ilibadili utaratibu wake wa kutoa na kukagua fedha. Lakini karatasi ile iliyobandikwa ukutani ilimpa mzazi wa kijijini kitu ambacho hakupata kuwa nacho, yaani hesabu.

Basi je, yatosha kumpa mzazi habari? Hapa nchi nyingine jirani, Kenya, inatoa jibu la kutuliza pupa. Kuanzia mwaka 2009 mradi uitwao Uwezo ulianza kupeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba nchini Kenya, na mwaka uliofuata Tanzania na Uganda, kuwapima watoto kama wanaweza kusoma hadithi fupi ya darasa la pili na kufanya hesabu za kiwango hicho. Matokeo yalielezwa papo hapo mbele ya mzazi. Mzazi wengi walishtuka kugundua kwamba mtoto aliyeketi darasani miaka kadhaa hawezi kusoma aya moja. Lakini wataalamu waliofuatilia vijiji vya Kenya mwaka 2011, wakiwalinganisha wazazi walioambiwa matokeo na wale wasioambiwa, hawakuona tofauti yoyote ya maana katika matendo yao. Walioambiwa hawakufika shuleni zaidi, wala hawakumsaidia mtoto zaidi kuliko wenzao.

Sababu yake si uvivu wa wazazi. Mtu akiambiwa kwamba nyumba yake inavuja, naye hana ngazi wala nyasi wala jirani wa kumsaidia, habari hiyo itamwongezea huzuni tu. Ili habari izae kitendo, mzazi lazima ajue ni kazi gani iliyo yake, aamini kwamba kazi hiyo italeta mabadiliko, na awe na mahali pa kuipeleka hoja yake bila kudharauliwa.

Jambo hilo lilidhihirika tena Uganda, katika jaribio lililofanywa karibu na mwaka 2010 katika shule 100 za msingi za vijijini. Kamati za shule zilipewa kadi za kupimia maendeleo ya shule zao kila muhula. Katika baadhi ya shule, kadi ilikuja ikiwa imekwisha kuandikwa na wataalamu, na kazi ya kamati ilikuwa kuijaza. Katika shule nyingine, wazazi na walimu waliketi pamoja, wakajadiliana, na wakachagua wenyewe mambo ya kupima, kwa mujibu wa shida walizoziona. Karatasi za aina zote mbili zilikuwa na kusudi lile lile, na mafunzo waliyopewa wanakamati yalifanana.

Matokeo hayakufanana. Pale ambapo kadi ililetwa kutoka juu, hakukuwa na badiliko la kuhesabika. Pale ambapo wazazi na walimu walichagua wenyewe, utoro wa walimu ulipungua, utoro wa wanafunzi ulipungua, na alama za watoto katika majaribio zilipanda. Tofauti ilitokana na nani aliyeulizwa. Mwanakijiji aliyesema kwa kinywa chake kwamba shida ya shule yao ni mwalimu kufika saa 4, au watoto kuzuiwa nyumbani siku ya gulio, ataifuatilia shida hiyo mpaka mwisho. Lakini swali alilotungiwa na mgeni atalijibu siku ile na kulisahau siku ya pili.

Miongoni mwa mambo yanayozusha ubishi mkubwa zaidi kati ya shule na wazazi nchini Uganda ni chakula cha mchana. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema wazi kwamba kumlisha mtoto, kumvika na kumpa malazi ni wajibu wa mzazi, na kwamba kumfundisha ni wajibu wa Serikali. Sheria hiyo hiyo inakataza kumtoza mtoto ada katika mpango wa elimu kwa wote. Kwa hiyo mwalimu mkuu amesimama kati ya kuta mbili. Hana fedha za chakula, wala hana ruhusa ya kumfukuza mtoto ambaye mzazi wake hakutoa mahindi. Na mtoto mwenye njaa hasikii hesabu baada ya saa 6.

Palipo na mapatano ya kweli, jambo hili huwezekana. Mkutano wa wazazi huamua baada ya mavuno kila jamaa ilete kiasi gani cha mahindi na maharage. Kamati hupima kwa mizani mbele ya watu na kuandika katika daftari. Asiye na shamba huleta kuni, au hupika kwa zamu, au huchota maji. Mjane na mlemavu husamehewa kwa kauli ya mkutano, wala hawaachwi wajifiche. Palipo na amri bila mapatano, mahindi hayaletwi, na yakiletwa, minong'ono huanza kwamba mwalimu ameyala. Kinachokosekana hapo ni daftari na mizani kuliko mahindi.

Jambo la pili ni lugha. Mwaka 2007 Uganda ilianzisha mtaala mpya wa madarasa 3 ya kwanza, ambao unamtaka mwalimu wa kijijini afundishe kwa lugha inayosemwa na watu wa mahali pale. Baadhi ya wazazi waliupinga, wakidhani kwamba mtoto ananyimwa Kiingereza na pamoja nacho kazi ya mjini. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini mtaala huo umemfungulia mlango mama asiyejua Kiingereza. Mtoto akirudi na somo la maji, au mifugo, au soko, kwa lugha ya nyumbani, mama anaweza kumwuliza, kumsahihisha, na kumwongezea yale ambayo mwalimu hayajui.

Hata mzazi asiyejua kusoma kabisa anayo kazi. Anaweza kumtaka mtoto amsomee kwa sauti kila jioni kabla ya giza, na akasikiliza kama anasoma moja kwa moja au anakwama kwama. Anaweza kukagua daftari kuona kama limesahihishwa kwa wino mwekundu wiki hii. Anaweza kumwamsha mapema, kumpunguzia kazi ya kuchota maji asubuhi, na kumtuma dukani baada ya masomo badala ya kabla yake. Kazi hizo hazihitaji cheti. Mwalimu naye ana wajibu wa kumwambia mzazi wazi kwamba hizo ndizo kazi zake, badala ya kumwita shuleni siku ya lawama na siku ya mchango tu.

Katika wilaya kadhaa za Uganda viongozi wamepata kutumia nguvu, wakiwaamuru polisi kuwakamata wazazi ambao watoto wao walionekana wakichunga au wakiuza ndizi barabarani saa za masomo. Askari polisi anajua kwamba sheria ni lazima itiiwe, na mzazi anayemwoza binti wa miaka 13 au anayempeleka mtoto machimboni anastahili kufikishwa mbele ya sheria. Lakini nguvu zina mpaka wake. Zaweza kumleta mtoto mpaka mlangoni mwa darasa, zisiweze kumfanya asome. Askari wa kituo cha kijijini ambaye anamfahamu mwalimu mkuu kwa jina, anayehudhuria mkutano wa wazazi akiwa mzazi miongoni mwa wazazi, na anayempa mwalimu habari mapema akimwona mtoto yule yule njiani siku 3 mfululizo, huzuia makosa mengi kuliko yule anayengoja kukamata.

Kwa askari aliye mbali na kwao, jambo hili lina uzito wa pekee. Mara nyingi mtoto wake husoma katika shule ya kijiji, akilelewa na mama peke yake au na nyanya yake, wakati baba yuko kikosini, mpakani, au katika kituo cha mkoa mwingine. Fedha hutumwa, nazo hufika siku hizi kwa simu katika dakika chache. Lakini hali ya wazazi wa Uganda katika miaka ya 1980 ilionyesha kwamba fedha peke yake haziumbi ushirikiano. Mtoto ambaye baba yake huuliza katika kila simu habari za ada na sare tu, hujifunza kwamba shule ni jambo la manunuzi. Akiulizwa amesoma nini wiki hii, mwalimu wake ni nani, na ni neno gani lililomshinda, hujua kwamba baba yuko pamoja naye darasani ingawa hayuko kijijini.

Aidha, nyanya anayelea ahesabiwe na shule kuwa mzazi kamili. Katika mikutano mingi wazee hukaa nyuma na kunyamaza, kwa kudhani kwamba mambo ya shule ni ya watu waliosoma. Barua fupi au simu ya askari kwa mwalimu mkuu, ikimtaja nyanya huyo kuwa ndiye mwenye kauli wakati yeye hayupo, yaweza kumpa mzee huyo kiti cha mbele. Na askari akirudi likizo, saa moja ya kwenda shuleni kukagua ubao wa ruzuku, kuzungumza na mwalimu na kuketi na mtoto mbele ya daftari lake, ni sehemu ya likizo isiyopotea bure.

Uganda haijamaliza safari yake. Watoto wengi huanza darasa la kwanza na hawafiki darasa la saba, na madarasa mengi ya vijijini bado yamejaa kupita kiasi. Lakini historia yake inaonyesha hatua zilizofuatana. Wazazi walipoachiwa mzigo wote, maskini waliachwa nje. Serikali ilipouchukua mzigo wa ada, wazazi wengi walijitenga. Hesabu ilipobandikwa hadharani, fedha zilifika shuleni. Na wazazi na walimu walipoulizwa pamoja wachague la kutenda, mtoto ndipo alipoanza kusoma vizuri zaidi.

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Mkono mmoja ni wa mwalimu aliyefika kwa wakati, na mwingine ni wa jamaa inayojua kwa nini amefika. Mafunzo ya redio, vitabu na majengo ni vyombo tu mikononi humo. Mtoto aliyekosa miaka 2 ya masomo nchini Uganda hawezi kurudishiwa miaka hiyo. Wenye watoto wanaokwenda shule leo, Uganda na katika nchi jirani, wanayo nafasi ya kupatana na mwalimu sasa, kabla ya siku nyingine ambayo milango ya shule itafungwa na mtoto ataachwa nyumbani na daftari ambalo hakuna ajuaye limefikia ukurasa gani.